Visanduku Vyekundu Sitini na Kimoja

Jumatatu, 3 Februari

Mwongozo wangu wa programu umehukumiwa leo saa tatu na nusu asubuhi, na mimi nikiwepo, kiti cha karibu na mlango. Meneja amesema umezeeka. Hakusema una kosa. Umezeeka tu – na akanitazama mimi alipokuwa akisema. Wateja wanataka tovuti ya maelekezo inayofunguka hata kwenye simu, yenye mahali pa kutafutia, yenye rangi za kutuliza macho. Halafu akauliza lile analouliza kila siku: tarehe? Ndiyo maana tunamwita Bwana Tarehe, mwenyewe hajui. Akajijibu: kumi na saba, mwezi huu huu.

Kurasa mia nne na kumi na mbili. Miaka tisa. Kila ukurasa niliuandika nikimfikiria muuguzi mmoja aliyesimama, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine unabonyeza kompyuta. Namjua muuguzi huyo. Nilikuwa mimi, miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo uliponigomea. Programu yetu inakokotoa dozi za dawa wodini. Wenzangu ofisini wanaijua kutoka ndani. Mimi naijua kutoka upande wa kitanda. Wananiita Sista mpaka leo, wengine kwa heshima, wengine kwa utani, na nimeshachoka kutofautisha.

Atakayeijenga tovuti ni mdogo wangu. Kitinda – jina la nyumbani, kitinda mimba wa mama, ingawa ana miaka thelathini na mmoja, mke na mtoto. Kazi hii nilimwombea mimi. Nilizunguka milango ya watu mpaka aibu ikanizoea. Ana miezi mitatu hapa, na mitatu ya majaribio imebaki. Bwana Tarehe alipomtaja nilifurahi kabla sijaumia. Niandike ukweli: nilifurahi kwanza.


Alhamisi, 6 Februari

Ana mkono mzuri, huyu mtoto wa mama. Sitaki kukubali lakini nakubali. Mfumo wa kujengea tovuti anaoutumia una jina la Kizungu linalotamkwa kama chafya. Ukiandika kipande kimoja – menyu, tuseme – kinatokea kila ukurasa. Ukigusa herufi, skrini inabadilika hapo hapo. Mimi menyu nilikuwa nainakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, miaka tisa, kama mtu anayechota maji kwa kijiko huku bomba liko nyuma yake.

"Dada, ona hapa," anasema. "Muuguzi akiandika neno moja tu, ukurasa huu hapa."

Niliona. Nilipenda. Nikamwambia vichwa vya habari vifupishwe, akavifupisha palepale bila ubishi.

Saa kumi nimepita kando ya chumba cha kioo. Kitinda yuko na Bwana Tarehe, mlango haukufungwa vizuri. Anamweleza kuwa kazi ni kubwa kwa sababu mwongozo wa zamani uliandikwa na mtu asiyejua mambo ya wavuti. Bwana Tarehe akacheka. Kitinda naye akacheka.

Baada ya robo saa alikuja mezani kwangu na vikombe viwili. Chai, dada? Sukari mbili, ninavyopenda. Nikainywa yote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe niliifua na kuipiga pasi mimi.


Jumanne, 11 Februari

Kurasa zimehama leo.

Hifadhi ya kurasa za zamani inafunguka kwa ruhusa yangu peke yangu. Niliifunga mwenyewe miaka minne iliyopita, pale fundi mmoja alipofuta ukurasa wa chanjo kwa bahati mbaya na hakuna aliyejua kwa wiki mbili. Kitinda akiomba ruhusa yake, fomu inazunguka siku mbili kwa sahihi. Bwana Tarehe hana siku mbili. Kwa hiyo Kitinda akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, nipishe kidogo. Nifanyie hapa hapa."

Nikampisha. Nilikuwa na njaa. Saa saba mchana nikaenda kula, nikamwacha kwenye kiti changu, kompyuta yangu, jina langu. Niliporudi alikuwa amemaliza. Dakika kumi na nne. Ameandika kijiprogramu kinachozisoma kurasa za zamani na kuzitema upya kwa namna ya mfumo mpya.

Historia ya hifadhi inaonyesha kila kitu: nani kabadilisha, saa ngapi. Saa saba na dakika kumi, jina langu. Tena jina langu. Mara mia nne na kumi na mbili. Nikamwambia leo mimi ndiye mfanyakazi bora wa mwezi. Tulicheka wote wawili.


Ijumaa, 14 Februari

Havipo.

Nilikuwa nasoma ukurasa wa nguvu ya dawa kwenye tovuti mpya, nafurahia mwandiko wake mkubwa. Nikafika mwisho. Nikarudi juu. Kisanduku chekundu hakipo. Nikafungua ukurasa wa uzito wa mtoto. Hakipo. Wa dawa za usingizi. Hakipo.

Visanduku vyekundu ni maonyo. Viko sitini na kimoja, na kila kimoja nakijua kilikotoka. Hicho cha nguvu ya dawa ni namba arobaini na saba: *Ukibadilisha nguvu ya dawa kwenye mipangilio, dozi za wagonjwa waliokwisha kuandikishwa hazibadiliki zenyewe. Bonyeza Kokotoa Upya kwa kila mgonjwa.* Nilikiandika kwa sababu ya zamu moja, enzi zangu, tulipopokea chupa mpya zenye dawa kali mara nne ya zile za kwanza, na mwenzangu akanishika mkono sindano ikiwa tayari hewani. Tulikuwa tunakokotoa kwa karatasi wakati ule. Lakini kosa ni lile lile.

Nilimwita Kitinda.

"Imejengeka bila kosa, dada," akasema. "Ona, alama ya kijani."

"Kijani hiyo inajua kusoma? Onyo la ukurasa huu liko wapi?"

Akainama. Akatazama muda mrefu. Si mjinga, niliona uso wake ukibadilika kabla hajafungua mdomo. Kwenye kurasa za zamani nilikuwa nayazungushia maonyo alama yangu maalumu. Mfumo mpya hauijui alama hiyo. Kisichojulikana unakitupa, pamoja na kilichomo ndani, na haulalamiki. Unaweka kijani yake na kuendelea.

"Nimeelewa," akasema. "Navirudisha kimoja kimoja kwa mkono. Mpaka Jumatatu vitakuwa vimerudi vyote."

"Lazima Bwana Tarehe ajue. Tusogeze mbele uzinduzi."

"Dada." Akavuta kiti, akakaa, magoti yake yakagusa yangu, kama zamani alipokuwa akivunja kitu nyumbani. "Niko kwenye majaribio. Wiki iliyopita amemwachisha kazi mwenzetu kwa kuchelewa mara tatu. Akisikia nimepoteza maonyo ya dawa, unadhani atanibakisha? Ni siku tatu tu. Nakuapia."

Barua kwa Bwana Tarehe nilikuwa nimeshaiandika. Mistari mitatu. Niliifuta.


Jumatatu, 17 Februari

Imezinduliwa saa tano. Makofi. Bwana Tarehe ameshukuru timu nzima, kisha Kitinda kwa jina, kisha aliyeleta projekta. Mwisho akasema, na Sista pia, kwa maneno. Kwa maneno! Utadhani nilileta maneno kwenye mfuko wa plastiki.

Chini ya kila ukurasa Kitinda ameweka mstari mdogo wa kijivu: *umebadilishwa mwisho tarehe fulani*. Hilo nimelipenda kweli. Muuguzi ataujua ukurasa mbichi na uliochacha.

Asubuhi kabla ya uzinduzi nilimuuliza, vyote vimerudi? Akasema vyote, dada. Nikafungua kurasa kumi za mwanzo. Vyekundu, vizuri kuliko vya zamani, vina hata alama ya mshangao pembeni. Nikafunga.

Wodini nilikuwa nawafundisha wanafunzi: usihesabu dawa kwa macho, hesabu kwa kidole. Leo sikuhesabu hata kwa macho.


Jumatano, 19 Februari

Mama amepiga simu kumsifu Kitinda. Amesikia amejenga kitu kikubwa kinasomwa hospitali zote. Akauliza kama na mimi nasaidia saidia.

Nikamwambia nasaidia saidia.


Jumatano, 26 Februari

Simu ya msaada iko mezani kwangu. Imelia saa mbili na nusu asubuhi.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, hospitali mojawapo tunayoihudumia. Sauti ya mtu aliyelia akamaliza. Akauliza kwa adabu kabisa: naomba unionyeshe imeandikwa wapi kwamba dozi hazijibadilishi zenyewe.

Nikamuuliza kimetokea nini. Akanieleza kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa kukabidhi zamu. Ijumaa walipokea chupa mpya za antibayotiki ile inayoumiza figo na masikio ikizidi. Kali mara nne. Yeye akafungua maelekezo, akafuata hatua zote sita, akabadilisha nguvu ya dawa kwenye mipangilio. Programu ikamwambia imehifadhiwa. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyekwisha kuandikishwa. Msichana, siku tano. Dozi yake kwenye skrini ilibaki ile ya chupa za zamani, mililita zile zile. Amechomwa mara mbili. Muuguzi wa zamu iliyofuata ndiye aliyeshtuka.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai. Mkojo umekuwa kidogo sana. Masikio hawajui bado, mpaka akue kidogo wampime. Dada, mimi nilisoma. Nilifuata moja mpaka sita. Labda kuna mahali nimeruka. Naomba unionyeshe tu."

Nilifungua ukurasa wakati anaongea. Hatua moja mpaka sita. Chini yake, mstari wa kijivu: *umebadilishwa mwisho 11 Februari*. Hakuna chochote chekundu.

Niliweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni, yote. Nikasema nitafuatilia, nitakupigia. Ndivyo tunavyoelekezwa kuwajibu.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikaliacha linamwagika.


Alhamisi, 27 Februari

Nimehesabu, kwa kidole. Ishirini na vitatu vimerudi. Thelathini na vinane havikurudi. Alirudisha sura mbili za mwanzo, nzima nzima, kisha akaacha. Zile nilizozifungua mimi.

Nilimpeleka Kitinda ngazi za dharura, kule ambako hakuna anayepita.

"Uliniambia vyote."

"Nilikuwa navirudisha. Jumapili Bwana Tarehe akataka mahali pa kutafutia pafanye kazi kwenye simu kabla ya asubuhi. Nikasema nitamalizia wiki inayofuata."

"Wiki inayofuata ipi?"

Alikuwa anatazama ngazi.

"Kuna mtoto figo zake haziendi, Kitinda."

"Najua. Nimesikia." Macho yake yamekuwa mekundu, na kwa dakika moja nilimwona mdogo wangu wa siku zote, nikataka kumfuta uso. Kisha akasema, "Lakini na wewe ulijua, dada. Ulijua tangu Ijumaa ile."

Ni kweli. Ndicho kinachonichoma. Kama ingekuwa uongo ningempiga kofi na kwenda zangu.


Ijumaa, 28 Februari

Asubuhi nimefungua tovuti. Visanduku vyote sitini na kimoja vipo. Vimerudi usiku kucha, vinameta. Na ule mstari wa kijivu, wa tarehe ya mwisho, umeondolewa. Kila ukurasa. Kitinda alikuwa amesema ni kipande kimoja tu. Ukikifuta mahali pamoja, kinafutika pote. Historia ya tovuti mpya mimi sina ruhusa ya kuifungua.

Saa nne Bwana Tarehe akaniita. Amefunga mlango wa kioo mwenyewe, taratibu. Mbele yake kulikuwa na barua inayokwenda hospitalini. Akanisomea. Kampuni inasikitika. Kampuni imekagua. Onyo husika limekuwepo tangu ukurasa ulipoandikwa, na ni wajibu wa mtumiaji kulizingatia.

"Halikuwepo," nikasema.

"Uliliandika wewe au hukuliandika?"

"Niliandika. Miaka minane iliyopita."

"Basi limekuwepo tangu ukurasa ulipoandikwa." Akaikunja barua. "Sista, wewe ni mtu mzima, nitasema wazi. Nimeangalia historia ya hifadhi. Tarehe kumi na moja, saa saba na dakika kumi. Kurasa zote zimebadilishwa na mtu mmoja. Jina ni lako. Mimi hapa nakulinda."

Nilimwambia sikuwa kwenye kiti saa ile. Akauliza nani alikuwa kwenye kiti.

Nikaitazama barua aliyoikunja.

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeshapata majibu. Akasema wiki ijayo mwanasheria atakuja na maelezo mafupi ya kutia sahihi, mimi na Kitinda, wanaoujua mwongozo. Jambo litaisha. Akaniuliza mgongo unaendeleaje.

Nimekaa miaka tisa hapa. Hajawahi kuuliza habari za mgongo.


Jumapili, 2 Machi

Nimeitwa kwa mama. Walikuwepo wote. Mama kwenye kiti chake, Kitinda ukutani, wifi yangu chini kwenye mkeka na mtoto wao anajifunza kutembea, anaanguka, anasimama, anatucheka. Nilipoona wamenitengea kiti katikati, nikajua.

Mama alianza mbali. Jinsi nilivyomlea huyu. Jinsi nilivyombeba mgongoni kwenda kliniki, mama mwenyewe akiwa kazini. Alipofika penyewe, akashusha sauti.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, kuna muuguzi kule atafukuzwa."

"Namjua mimi huyo muuguzi? Mimi nawajua nyie."

"Na mtoto?"

"Mtoto si yuko hai? Tumshukuru Mungu." Akanishika goti. "Wewe ulikuwa muuguzi, hata wakikutoa huko utarudi kuwa muuguzi. Huyu atarudi kuwa nani? Ana mtoto mdogo. Wewe huna wa kukulilia."

Sidhani alikusudia kuumiza. Alikuwa anapiga hesabu tu, kama anavyogawa nyama: nani apewe, nani atavumilia.

Nilimngojea Kitinda. Neno moja, hata la kumkatiza mama. Alikuwa anakwangua rangi ya ukuta kwa kucha.

Aliyesema ni wifi, ambaye huwa hasemi. Akauliza bila kumtazama mtu: huyo mtoto mwenyewe ana siku ngapi sasa? Nikamwambia, kumi na nne au kumi na tano. Akamnyanyua wake, akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Mama akasema wifi yako amechoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kukasirika njia nzima lakini nilikuwa nakumbuka uzito wa Kitinda mgongoni, jinsi alivyokuwa akilala kabla hatujafika popote.


Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi amepiga tena. Simu ya msaada, saa tano. Barua ya kampuni imefika kwao. Amesimamishwa kazi tangu asubuhi, na Ijumaa anaitwa mbele ya baraza la wauguzi. Anaweza kunyang'anywa leseni.

Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira. Alisema amefungua ukurasa tena kwenye simu yake na amekiona kisanduku chekundu, kikubwa, mtu hawezi kukiruka.

"Sasa najiuliza macho yangu yana nini," akasema. "Miaka kumi na sita, dada, sijawahi. Mume wangu anasema nilikuwa nimechoka. Labda nilikuwa nimechoka. Nimeanza kukumbuka kama nilikiona."

Nimeona mengi wodini, lakini sijawahi kuona mtu akiibiwa kumbukumbu yake mwenyewe, tena akimsaidia mwizi.

Nikamuuliza habari za mtoto.

"Mkojo umeanza kurudi. Masikio bado." Kisha akasema, kama mtu anayepita tu, "Hata wanafunzi wangu nimewaponza. Niliwaprintia ule ukurasa siku ile ile, nikaubandika ukutani juu ya kabati ya dawa. Mpaka leo upo. Sijui kwenye karatasi kisanduku kilitoka, nimekatazwa kuingia wodini."

Nikamuuliza, umeuprinti lini?

"Ijumaa ile ile. Kabla ya kubadilisha."

Karatasi haibadiliki. Hakuna anayeweza kuifuta mahali pamoja ikafutika pote. Iko ukutani sasa hivi, hatua moja mpaka sita, na chini yake mstari wa kijivu wenye tarehe kumi na moja, na juu wala chini hakuna kisanduku. Bwana Tarehe haijui. Mwanasheria haijui. Kitinda haijui. Hata mwenye karatasi hajui ana nini.

Nilifungua mdomo. Mtu wa mapokezi akaja kusimama mezani kwangu na bahasha ya kutia sahihi. Nikasema nitakupigia, dada. Safari hii akasema, najua, mlisema hivyo hata mara ya kwanza.


Jumanne, 4 Machi

Chumba cha kioo. Saa tano na dakika ishirini. Mwanasheria ni mwanamke wa rika langu, viatu vizuri, mpole. Amesema nichukue muda wangu, nisome kwa utulivu, akatoka kupokea simu. Bwana Tarehe yuko nje kwenye korido. Naona mgongo wake kwenye kioo. Kitinda yuko upande wa pili wa meza. Daftari hili lilikuwa kwenye mkoba.

Maelezo ni ukurasa mmoja. *Sisi tuliotia sahihi hapa chini, tunaoufahamu mwongozo kuliko wengine wote, tunathibitisha kuwa onyo lilikuwepo na lilionekana tarehe 21 Februari.* Mistari miwili ya sahihi. Wa kwanza umejaa. Ametia kabla sijaingia. Mwandiko wake bado ule ule, herufi ya mwisho inashuka chini kama imeteleza. Nilimfundisha mimi na hiyo ndiyo pekee hatukuwahi kuinyoosha.

Nimemuuliza: "Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na umeona ni uongo."

"Dada, ni kusema tu. Hakuna anayekufa."

Nikamwambia habari ya karatasi ya ukutani. Sikupanga. Ilinitoka tu, kwa sauti ya chini, huku nikimtazama. Nilitaka kuona uso wake. Nilidhani utalegea. Nilidhani – niandike nilivyodhani – kwamba ataivuta hii karatasi na kulikata jina lake, na mimi nitamsamehe yote, hata yale ya chumba hiki hiki na kicheko chake.

Akauliza, "Hospitali hiyo, wodi iko ghorofa ya ngapi?"

Ameitoa simu yake mfukoni. Ameiweka mezani, kifudifudi. Ameichukua tena. Sasa amesimama, anasema anakwenda msalani, lakini amepita mlango wa msalani na amesimama pale alipo Bwana Tarehe. Naona mdomo wa Kitinda ukicheza kupitia kioo. Bwana Tarehe amegeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza leo.

Kutoka hapa mpaka hospitalini ni dakika arobaini kwa gari. Kwa simu ni namba kumi, na ninayo, iko kwenye orodha ya simu zilizoingia.

Mwanasheria amerudi. Ameketi, amekunja mikono, anauliza kwa upole kama kalamu yake aliyonipa haiandiki.

Inaandika. Ndiyo hii.